Anayekula huku analia si mlafi, ni mgonjwa

NDUGU zangu Waislamu, leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo katika majumba yetu husemwa kwa kicheko au kwa matusi, na ni nadra sana kusemwa kwa huruma.

Mama mmoja mjane alinijia baada ya darsa ya Alasiri akiwa na swali la kiapo. Ruhusa ya kuyaeleza haya wamenipa yeye na binti yake, nami nimebadilisha mambo machache ili wasitambulikane. Mama huyu hupika maandazi na vitumbua usiku akaviuza asubuhi karibu na kituo cha daladala. Kwa miezi kadhaa akawa anaamka alfajiri na kukuta beseni limepungua nusu. Akamshuku paka, kisha akawashuku wapangaji wenzake. Hatimaye usiku mmoja akamkuta binti yake wa miaka 19 amekaa sakafuni jikoni, gizani, akila andazi juu ya andazi bila hata kulitafuna vizuri.

Akampiga. Ilipotokea tena akamsema mbele ya shangazi zake. Ilipotokea mara ya tatu akauchukua Msahafu, akamwambia binti atawadhe, aweke mkono juu yake na aape kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hatarudia. Binti akaapa. Siku ya nne akarudia. Tangu siku hiyo ameacha kuswali, kwa sababu amejihukumu mwenyewe kuwa ni mnafiki, na mnafiki, kwa anavyoona yeye, hana cha kumwambia Mola wake.

Mama aliniuliza: "Shehe, mwanangu ni mwizi au ni mlafi? Na kiapo kile kina hukumu gani?"

Nilimwomba aje na binti. Walikuja siku ya pili. Binti alikaa kimya muda mrefu ameinamisha kichwa, nami sikumharakisha. Kisha akasema maneno ambayo nimekuwa nikiyafikiri mpaka leo: "Shehe, mimi sili kwa sababu ya utamu. Huwa nakula huku nalia."

Ndugu zangu, sheria yetu imekemea ulafi, na hilo sina nia ya kulipunguza. Katika Suratul A'araf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kula na kunywa, akatukataza kufanya israfu. Na katika hadithi ya Miqdam bin Maadikarib (RA) aliyoipokea Imam Tirmidhi, Mtume (SAW) ametufundisha kwamba hakuna chombo kibaya anachokijaza mwanadamu kuliko tumbo lake, na kwamba ikiwa hapana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitengea shahawa ya tumbo sehemu nzima katika Ihyaa yake. Haya ni mafunzo ya wazi, na sisi ambao walima zetu humwaga pilau jaani tunayahitaji sana.

Lakini mlafi ni nani? Mlafi hula kwa kuwa anataka. Hufurahia sahani yake, huongeza nyingine mbele za watu, na akishiba hulala bila wasiwasi. Mtu anayekula gizani kwa haraka, hali hana njaa, mpaka tumbo linamuuma, kisha akajichukia mpaka asubuhi, huyo ni mtu wa namna nyingine. Wa kwanza amelegeza hatamu kwa hiari yake, na wa pili amenyang'anywa. Kumsomea wa pili aya zilizomshukia wa kwanza ni kuweka dawa ya jicho katika sikio.

Wataalamu wa tiba wanalijua jambo hili. Mwaka 1959 daktari wa Marekani, Albert Stunkard, aliandika habari za wagonjwa wake waliokuwa wakishikwa na vipindi vya kula kwa wingi bila kuweza kujizuia. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliyaorodhesha maradhi haya kuwa ugonjwa unaosimama peke yake, na Shirika la Afya Duniani nalo limeyaingiza katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Madaktari wa Marekani huangalia mambo haya: mtu anakula kwa muda mfupi, kama saa mbili hivi, kiasi ambacho watu wengi wasingeweza kukila katika muda huo, anahisi hawezi kuacha, anakula upesi kuliko kawaida yake, au bila njaa, au kwa kujificha kwa aibu, au mpaka anaumwa, kisha anajichukia. Likitokea walau mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, na likamletea mtu huyo dhiki, hilo ni gonjwa. Aliyekula kupita kiasi siku ya Idi hayumo humu.

Tena si kila mwenye maradhi haya ni mnene, na si kila mnene anayo. Wapo wembamba wanaoyaficha miaka mingi. Wanawake huyapata zaidi, lakini wanaume wanaoyapata si wachache, nao huyaficha zaidi, maana kwetu mwanamume anayekula sana husifiwa na kitambi chake huitwa neema.

Yanatoka wapi? Hayana chanzo kimoja. Mengine hurithiwa katika damu. Mara nyingi huambatana na huzuni kubwa, wasiwasi, au kumbukumbu ya dhuluma ya utotoni. Binti huyu nilimuuliza lini yalianza, mama yake akajibu kwa niaba yake kwamba ni "tangu alipopata simu." Binti akatikisa kichwa. Yalianza, alisema, baada ya arobaini ya baba yake, wageni walipoondoka na nyumba ikawa kimya. Mama alimtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekaa eda yake miezi minne na siku kumi, watu wakimpa pole, na hakuna aliyekumbuka kwamba binti naye amefiwa.

Kwamba chakula na huzuni vina uhusiano si jambo geni katika dini yetu. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba Bibi Aisha (RA), jamaa zake walipofiwa, aliamrisha ipikwe talbina, yaani uji mwepesi wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume (SAW) akisema kwamba huutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Basi moyo wenye majonzi kukikimbilia chakula si ushetani. Lakini tazama tofauti: talbina ile ilipikwa na mtu mwingine, ikaletwa mbele ya wafiwa, ikaliwa pamoja. Binti huyu alijipikia talbina yake peke yake usiku, na haikumtuliza, akaongeza.

Kuna sababu nyingine ambayo familia nyingi haziijui, nayo ni njaa yenyewe. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, vijana 36 wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita, ili wataalamu wajue namna ya kuwahudumia watu waliopatwa na njaa ya vita. Vijana wale hawakuwa na historia ya ulafi. Lakini njaa ilipowakaa, akili zao zikajaa chakula; baadhi yao wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi. Na walipoanza kurudishiwa chakula, wapo waliokula mpaka wakaugua na bado wakasema hawajashiba. Sasa wewe mzazi unayemwambia binti yako, "Leo huli mpaka kesho, ukome," unadhani unafanya nini? Unalijengea tukio la usiku ujao. Binti huyu, kila alipokula usiku, alijinyima asubuhi na mchana kwa kujiadhibu. Na ilipofika saa nne usiku alikuwa na njaa ya mwili juu ya njaa ya moyo, na beseni la maandazi mbele yake.

Nami nina langu la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita, juu ya mimbari, niliitaja hadithi ya muumini anayekula kwa utumbo mmoja na kafiri anayekula kwa matumbo saba. Ni hadithi sahihi. Nikaisherehesha kwa mzaha, watu wakacheka, na nikaona macho ya safu ya kwanza yakimgeukia mtu mmoja mnene ambaye hakuwa akikosa Ijumaa. Wiki iliyofuata alikaa nyuma kabisa. Iliyofuata hakuja. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya maana ya hadithi ile, na wapo waliosema kuwa inamhusu mtu yule mmoja maalumu aliyekunywa maziwa ya mbuzi saba, akasilimu, kesho yake akatosheka na kidogo. Nilikuwa nimeyasoma hayo chuoni. Siku ile niliyaacha kwa ajili ya kicheko. Nilimfuata nyumbani kwake nikamwomba radhi, akanisamehe kwa upole ulionitia haya zaidi. Hapo ndipo aliponiambia kwamba kwa miaka kumi na tano hula usiku ndani ya gari lake, na kwamba mke wake hajui.

Bibi Aisha (RA) aliwahi kuashiria ufupi wa Bibi Safiya (RA), na Mtume (SAW) akamwambia kwamba amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari lingeyachafua. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Neno moja, juu ya kimo. Sisi tunaitana "bonge" na "tipwatipwa" mezani, tena mbele ya wageni, tukidai ni utani wa nyumbani, hali katika Suratul Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa kudharauliana na kuitana majina mabaya.

Watu huniambia: "Shehe, tusipomwonea ukali ataachaje?" Ninawajibu kwa kisa kilichomo katika Bukhari. Alikuwapo sahaba aliyeletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa pombe, na kila mara akiadhibiwa. Siku moja mtu akamlaani, akishangaa ni mara ngapi ameletwa. Mtume (SAW) akamkataza asimlaani, akamshuhudia mlevi yule kuwa anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na katika riwaya ya Abu Huraira (RA), aliwakataza masahaba wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Kosa lile lilikuwa la haramu iliyo wazi, na adhabu ilitolewa. Lakini mlango wa mapenzi haukufungwa. Ikiwa mlevi alitetewa hivyo, mgonjwa wa chakula cha halali anastahiki nini?

Sisemi kwamba mgonjwa hana wajibu wowote. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na uwezo alionao mgonjwa ni kutafuta tiba, kusema kweli na kutokata tamaa. Mtume (SAW), katika hadithi ya Usama bin Sharik (RA), ametuamrisha kutibiwa, kwani hakuna maradhi yaliyowekwa bila dawa ila uzee. Uongo aliousema binti kuhusu beseni ni wa kutubia. Maandazi yalikuwa haki ya mama, na mama amesamehe.

Tiba yake ipo. Iliyothibiti zaidi ni tiba ya mazungumzo, ambapo mtaalamu hukaa na mgonjwa wiki baada ya wiki, wakachunguza ni saa gani hali inamjia, ni fikra gani iliitangulia, na akamzoeza kula kwa nyakati maalumu bila kuruka hata mlo mmoja. Wapo wanaohitaji dawa pia, na hilo ni la daktari kuamua. Anza na daktari wa hospitali iliyo karibu nawe, umweleze kinagaubaga, maana akisikia tu kwamba mtu anakula sana anaweza kukwambia apunguze wanga na kukuruhusu uende. Mwambie kwamba hawezi kujizuia, mwombe rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili. Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwa mfano, inayo idara hiyo. Apimwe kisukari na shinikizo la damu pia. Na ukigundua kwamba anajitapisha au anatumia dawa za kuharisha baada ya kula, usingoje, kwani hayo huvuruga chumvi za mwili na kuudhuru moyo. Akitamka kwamba hataki kuishi, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Najua neno "akili" huwatisha wazazi. Mama huyu naye alishituka: "Mwanangu si kichaa, Shehe." Nilimweleza habari za Abu Zaid al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliyeandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuutibu mwili na kuisahau nafsi. Zaidi ya miaka elfu moja imepita, na sisi bado tunaona haya kwa jambo ambalo wazee wetu katika elimu waliliandikia vitabu.

Wengine watakwambia binti ana jini mwenye njaa, na mganga wa kumtoa anajulikana. Dua na ruqya ya kisheria ni kheri na hatuiachi. Lakini anayekuzuia usiende hospitali, akataka kuku mweusi na fedha, huyo hatibu, anakula kwa mgongo wa anayekula.

Nyumbani yapo mambo ya kufanya ambayo hayahitaji fedha. Masahaba walimlalamikia Mtume (SAW) kwamba wanakula wala hawashibi. Hakuwaita walafi. Aliwauliza kama wanakula wakiwa wametengana, waliposema ndiyo, akawaelekeza wakusanyike kwenye chakula chao na walitaje jina la Mwenyezi Mungu, watabarikiwa. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Wahshi bin Harb (RA). Basi mrudisheni mgonjwa kwenye sinia. Asihesabiwe matonge, asipewe sahani ndogo mbele ya wenzake, na mazungumzo ya kilo na mavazi yasikae mkekani. Siri yake isipelekwe kwa shangazi wala kwa jirani, kwani anayemsitiri Mwislamu, Mwenyezi Mungu humsitiri. Na akianguka usiku, asubuhi apewe chai na kiamsha kinywa kama wengine, bila hotuba.

Je, chakula kifungiwe? Kufuli aliloliweka mama kwa hasira lilivunjwa. Lakini mama alipomuuliza binti kwa upole ni nini kitakachomsaidia, binti mwenyewe aliomba beseni lilale chumbani kwa mama, na mama amwamshe saa kumi wakaange pamoja. Ni beseni lile lile, lakini safari hii binti ndiye aliyesema.

Kuhusu Ramadhani, wapo ambao swaumu huwapa utulivu, na wapo ambao futari huwafungulia mlango wa kula mpaka daku kwa machozi. Suala hili sitalitolea fatwa ya jumla gazetini. Mgonjwa amepewa ruhusa na Qur'an yenyewe, na kila mmoja aende na maelezo ya daktari wake kwa mwanachuoni anayemwamini. Ila swaumu za sunna, mwenye maradhi haya asizifanye kuwa njia ya kujinyima kwa siri.

Nirudi kwenye kiapo. Wazazi, msimwapishe mgonjwa aache ugonjwa wake. Mnamtwisha dhambi juu ya maumivu, na mnamfanya auone Msahafu kama shahidi dhidi yake. Binti alikuwa mtu mzima, ameapa na amevunja. Kwa tahadhari nilimwambia atoe kafara. Katika Suratul Maida, aya ya 89, kafara ni kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza ndipo afunge siku tatu. Alikuwa amekwisha kuanza kufunga, kwa kudhani ndiyo adhabu inayomfaa. Nikamzuia, kwa kuwa uwezo wa kulisha alikuwa nao: alikuwa na akiba yake ndogo ya kusuka nywele. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, ni mudi moja, yaani kibaba kimoja cha chakula cha mji, kwa kila masikini.

Jumamosi ile alikuja na mfuko wa mchele na kibaba cha zamani alichoachiwa mama yake na bibi. Alikaa barazani akapima vibaba kumi kwa mkono wake, akavifunga kila kimoja katika karatasi, na yeye na mama yake wakatoka kwenda kuvigawa. Walirudi jua likiwa limekaribia kuchwa. Adhana ya Magharibi ilipoadhiniwa, aliniuliza maji ya kutawadhia yako upande gani.